Kipande Kilichobaki Usikitupe

Leo tuzungumzie spea ambayo dereva wa pikipiki huishika kutwa nzima, lakini huinunua kwa haraka kuliko spea nyingine zote: mkono wa breki na mkono wa klachi. Nazungumza na wewe uliye kijiweni unasubiri abiria, na wewe unayekwenda kazini kwa pikipiki yako mwenyewe, na wewe tajiri uliyempa kijana pikipiki ya mkataba ukawa unasubiri hesabu kila jioni.

Pikipiki ikianguka, hata kama ilikuwa imesimama tu na stendi ikazama mchangani, usukani ndio unaofika chini mapema, na mkono umechomoza mbele ya usukani. Ni aluminiamu, kwa hiyo unapinda au unakatika. Ndiyo maana ukipita kwenye maduka ya spea Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, au soko la Kisekka mjini Kampala, utaikuta mikono hii imening'inizwa kwa mafungu. Iko myeusi, iko myekundu, iko ya bluu na ya rangi ya dhahabu. Iko mirefu ya vidole vinne na mifupi ya vidole viwili. Iko inayokunjika na iko yenye kigurudumu cha namba cha kuusogeza mkono karibu na kiganja. Muuzaji anakuuliza, "Pikipiki gani?" Unamjibu, "Boxer." Anashusha mmoja, unalipa, unaondoka. Biashara imekwisha kwa dakika mbili, na jambo kubwa hamkulizungumza.

Jambo lenyewe ni hili. Macho ya mnunuzi huenda kwenye ule upande mrefu unaong'aa, upande wa vidole, na ule ndio wenye kazi nyepesi. Kazi nzito iko kwenye sentimita chache za mwisho, pale mkono unapoingia ndani ya kishikio kilichobanwa kwenye usukani. Hapo pana tundu la bolti, ambalo ndilo egemeo la mkono mzima. Pana nafasi ya kichwa cha waya. Kama breki ni ya diski, pana kinundu kinachoisukuma pistoni ya masta silinda. Na pana ncha ndogo inayobonyeza swichi ya taa ya breki. Mikono miwili inaweza kufanana kwa urefu, kwa rangi na kwa mkunjo, ikatofautiana hapo kwa milimita moja au mbili, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama pikipiki itasimama au haitasimama.

Sasa angalia bahati tuliyonayo. Mkono ukivunjika, mara nyingi hukatikia katikati au karibu na ncha. Sehemu ya egemeo hubaki nzima. Basi kile kipande kilichobaki ndicho kipimo chako. Kifungue, kifute grisi, kitie mfukoni, nenda nacho dukani. Kiweke juu ya mkono mpya, tundu juu ya tundu, penyeza bolti yako ya zamani kwenye matundu yote mawili kwa pamoja, kisha angalia kama nafasi ya kichwa cha waya inalingana na kama ile ncha ya swichi iko pale pale. Hakuna kipimo cha kitaalamu kinachokizidi hicho hapo kaunta. Wengi wetu hukitupa pale pale kwa fundi, tukaenda Kariakoo na jina la pikipiki tu mdomoni.

Na kabla ya kukitia mfukoni, kiangalie pale kilipokatikia. Aluminiamu nzuri ikivunjika, uso wake huwa umeshikana, rangi moja. Ile ya kumiminwa ovyo utaiona ina vitundu vidogo vidogo ndani kama andazi lililoumuka. Vitundu hivyo vilikuwemo tangu siku uliponunua, ila rangi iliyopakwa juu ilivificha. Ukiviona, usirudi kununua mkono ule ule, hata kama muuzaji ni rafiki yako.

Tuje kwenye tundu la bolti. Ukishapata mkono unaolingana, pitisha bolti, shika ncha ya mkono, utikise juu na chini. Si mbele na nyuma. Juu na chini. Ukicheza sana, tundu ni kubwa kuliko bolti, na halitapungua, litaongezeka. Mkono wa namna hiyo unakaa upande. Kichwa cha waya nacho kinakaa upande, na nyuzi za waya zinaanza kukatika moja moja pale zinapoingia kwenye kichwa. Dereva anaona klachi inataka kurekebishwa kila wiki. Anakaza, anakaza tena, halafu siku moja yuko katikati ya makutano ya Buguruni, waya unakatika na pikipiki iko kwenye gia. Atalaumu waya. Mwenye kosa alikuwa tundu.

Tundu likiwa dogo mno nalo ni balaa. Fundi atalazimisha kwa nyundo, au atakaza nati mpaka kishikio kiubane mkono. Utaivuta klachi, ukiachia mkono unarudi kwa uvivu au hauachii wote. Klachi isiyoachia yote inateleza: unavuta mafuta, injini inapiga kelele, pikipiki haina nguvu mlimani, na pleti za klachi zinaungua. Hapo gharama imekwishatoka kwenye mkono imehamia kwenye injini.

Kwa pikipiki nyingi za kazi, ncha ya mkono wa klachi inatakiwa isogee kati ya milimita 10 na 20 bila kitu chochote kuvutika, ndipo waya uanze kukaza. Kwa breki ya mbele ya dramu, nyingi huhitaji kati ya milimita 20 na 30. Kitabu cha pikipiki yako kina kipimo chake, na hicho ndicho cha kufuata. Mkono mpya usioruhusu kipimo hicho hata waya ulegezwe namna gani haukutengenezwa kwa ajili ya pikipiki yako.

Kwenye breki ya diski hatari ni nyingine, na hapa naomba utulie unisikilize. Ndani ya masta silinda, pale juu kwenye usukani, kuna pistoni ndogo. Ukivuta mkono, kinundu chake kinaisukuma pistoni, pistoni inasukuma mafuta ya breki hadi kwenye kalipa, pedi zinaibana diski. Ukiachia, pistoni inarudi nyuma na kufungua kitundu chembamba sana, hakifiki hata milimita moja, kinachounganisha mafuta ya kwenye bomba na mafuta ya kwenye chupa. Kazi ya kitundu hicho ni kuyaruhusu mafuta yaliyopata moto yapumue, yarudi kwenye chupa.

Chukua sasa mkono ambao kinundu chake kimezidi kidogo. Umeufunga, umeuvuta, umeuachia, unauona uko sawa. Lakini pistoni haijarudi hadi mwisho, na kitundu kimebaki kimezibwa. Unaanza safari. Pedi zinaigusa diski kidogo tu, zinapata moto. Moto unahamia kwenye mafuta, mafuta yanavimba. Hayana pa kwenda, yanazisukuma pedi. Pedi zinabana zaidi, moto unaongezeka. Baada ya kilomita kadhaa unaona pikipiki imekuwa nzito, unadhani umewekewa petroli chafu, unaongeza mafuta. Ukiendelea hivyo, gurudumu la mbele linaweza kujifunga lenyewe, na wewe hujagusa breki.

Fundi makini huijua dalili hii kabla pikipiki haijatoka gereji. Kwanza anausogeza mkono kwa kidole kimoja: lazima usogee kidogo sana kabla haujaikuta pistoni. Usiposogea kabisa, anaufungua. Pili, anasimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, ananyanyua mbele, anazungusha gurudumu, anavuta breki, anaachia, anazungusha tena. Gurudumu lizunguke vilevile kama mwanzo. Tatu, anafungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, anauvuta mkono polepole huku akitazama ndani. Mafuta yakitikisika au kuruka kidogo mwanzoni kabisa mwa mvuto, kitundu kiko wazi. Yakituama kimya, kuna kinachozuia. Afanye hivyo akiwa ameweka kitambaa juu ya tangi, maana mafuta ya breki yanakula rangi. Kisha uende mzunguko mfupi, urudi, usogeze kiganja karibu na diski bila kuigusa. Ikiwa inatoa joto kali na hukutumia breki, usiende kijiweni na pikipiki hiyo.

Na ikikutokea njiani? Simama pembeni, uiache ipoe, usiimwagie diski maji. Kama kosa ni la mkono, kuifungua bolti ya mkono kutairuhusu pistoni irudi, na gurudumu litaachia. Hapo itembeze taratibu hadi kwa fundi aliye karibu, ukijua kwamba breki ya mbele huna.

Swichi ya taa ya breki nitaipitia haraka. Ukishafunga mkono mpya, mwombe mtu asimame nyuma. Taa iwake unapovuta, izime unapoachia. Taa inayowaka muda wote ni mbaya sawa na isiyowaka kabisa, kwa sababu daladala iliyo nyuma yako haitajua ni lini umekamata breki kweli.

Sasa tuje kwenye mikono mifupi, maana hii ndiyo inayopendwa na vijana. Inapendeza, nakubali. Imetokana na pikipiki za mwendo kasi zenye diski kubwa mbele, ambako vidole viwili vinatosha kuisimamisha. Lakini Boxer BM 150 iliyojaa katika miji yetu ina dramu mbele, na breki hiyo inavutwa kwa waya. Nguvu ya breki hiyo inatoka vidoleni mwako, na kinachoizidisha ni urefu wa mkono.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme kichwa cha waya kiko sentimita 2.5 kutoka kwenye bolti, na vidole vyako vinavuta umbali wa sentimita 12.5 kutoka kwenye bolti hiyo hiyo. Umbali wa vidole ni mara tano ya umbali wa waya. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 10, waya unavutwa kwa kilo 50. Weka sasa mkono mfupi unaokulazimisha kuvuta ukiwa sentimita 7.5. Kilo 10 zile zile zinaupa waya kilo 30 tu. Umetoa fedha kununua breki hafifu zaidi. Utasema nitavuta kwa nguvu zaidi; sawa, lakini una vidole viwili badala ya vinne, umembeba abiria na mzigo wake, na mtoto amekatiza barabara.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ya wazi: pikipiki yenye dramu mbele isifungwe mkono mfupi. Upande wa klachi mwenye kuutaka autumie, ila ajue mkono utakuwa mzito kwa sababu hiyo hiyo, na katika foleni ya Barabara ya Mandela atalihisi hilo kwenye kifundo cha mkono kabla ya saa sita mchana.

Kuna jambo linaloniuma kuhusu breki ya mbele. Madereva wengi wanaiogopa. Wamefundishwa kwamba ukiikamata utapinduka, na wapo wanaoulegeza waya kabisa wakabaki na breki ya mguu peke yake. Ni kweli kwamba kwenye mchanga, tope au kokoto breki ya mbele ikikamatwa ghafla gurudumu linateleza na unaanguka. Lakini kwenye lami kavu, unaposimama uzito mwingi unakwenda mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuburuza tu, na la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Nadhani sehemu ya woga huu imetokana na mikono mibovu. Mkono unaocheza, unaonasa, unaokamata leo hivi na kesho vile, hauwezi kumfundisha mtu kuvuta taratibu na kuongeza kidogo kidogo. Mpe dereva mkono uliokaa sawasawa, unaorudi wenyewe, na ndani ya siku chache vidole vyake vitaanza kuuamini.

Vipi kuhusu uimara? Muuzaji atakwambia huu umechongwa kutoka kwenye pande zima la aluminiamu, hauvunjiki. Inawezekana anasema kweli. Ila jiulize: pikipiki ikilala na mkono usivunjike, nguvu ile inakwenda wapi? Inakwenda kwenye kishikio, na upande wa breki ya diski kishikio ni masta silinda yenyewe. Baadhi ya watengenezaji huweka mfereji mdogo karibu na ncha ya mkono kwa makusudi, ili ukianguka ukatikie hapo na ubakiwe na kipande kirefu cha kutosha kukufikisha nyumbani. Mimi naupendelea mkono unaokatika mahali panapofaa kuliko usiokatika kabisa. Ule unaokunjika nao ni mzuri kwa wanaoendesha barabara za vijijini, mradi bawaba yake isicheze.

Ncha ya mkono iwe na kitufe cha mviringo. Kwenye mashindano ya barabarani yanayosimamiwa na shirikisho la kimataifa la pikipiki, FIM, kitufe hicho hakiruhusiwi kuwa chini ya milimita 16, na sababu ni kwamba ncha nyembamba huchoma mwili. Kwa hiyo kipande kilichovunjika kinachokwenda na pikipiki wiki nzima, kimefungwa mpira wa tyubu juu yake, ni kisu kilichotangulia mbele ya dereva. Na ule mtindo wa kuuchomelea mkono uliovunjika, tuuache. Aluminiamu ikipata moto wa kuchomelea hupoteza sehemu ya ugumu wake pale pale kwenye maungio, na utakatika tena siku ambayo umevutwa kwa nguvu kuliko siku zote.

Kabla hujatoa hata shilingi kwa sababu ya klachi nzito, jaribu kwanza vitu viwili. Waya: ufungue juu, udondoshee mafuta laini, uuvute mara kadhaa hadi uteleze. Waya uliokauka au ulioanza kukatika ndani ya ala yake hauponywi na mkono mpya. Kisha pembe: legeza kishikio, kaa kama unavyokaa ukiendesha, nyoosha vidole. Kiganja kiwe kwenye mstari mmoja na mkono wako kuanzia kwenye kiwiko, usikunje kifundo kwenda juu wala chini. Kaza hapo. Pikipiki nyingi hutembea na mikono iliyoinuliwa juu mno tangu ilipofungwa dukani, na dereva anaumwa kifundo akidhani ni uzee unaingia. Mwenye vidole vifupi, wakiwemo akina mama wengi wanaoendesha siku hizi, ndiye atakayefaidika na ule mkono wenye kigurudumu cha namba, akikipata kinachokaa imara kwenye namba aliyochagua.

Ukimaliza kufunga, washa injini, geuza usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto. Mlio wa injini usibadilike, gia ya kwanza iingie bila kugonga, na iende fri bila kugoma. Vuta breki kwa nguvu zako zote pikipiki ikiwa imesimama. Mkono usiguse usukani.

Kwako tajiri nina neno. Katika mikataba mingi, spea ndogo ni juu ya dereva, nawe unachoangalia ni hesabu. Kijana mwenye deni la siku atanunua mkono wa bei ya chini kabisa, na kwa hali yake simlaumu. Lakini pikipiki ni yako, na mkono wa breki si kioo cha pembeni. Uchukue mkono wa breki, nyaya zake na pedi, uviweke upande wako wa mkataba.

Na kwenu wenye maduka ya spea: wekeni kaunta kishikio kimoja cha kila pikipiki inayouzwa sana, hata kiwe kilichotumika, pamoja na bolti yake, mteja apachike mkono na kuutikisa kabla ya kulipa. Haitawagharimu chochote cha maana. Na wewe dereva, ukifika dukani na kipande chako mfukoni, mwenye duka akakukatalia usilinganishe, mshukuru kwa upole, uende duka la pili.